Meza ya Bwana Pamoja

Jumatatu, 5 Machi 1956. Mlandege, Iringa.

Kunguni tena. Nimeamka shingo imevimba. Nashinda ghalani napokea magunia ya pareto, maua yanayokwenda Ulaya kuua wadudu wa Wazungu, jioni narudi chumbani kuliwa na wadudu wangu mwenyewe. Dawa yenyewe inaturudia ndani ya makopo. Juu ya kopo wamechora mtoto wa Kizungu amelala fofofo. Mhindi wa dukani anayapanga rafu ya juu kabisa, karibu na manukato. Leo nimemwuliza bei. Akanitazama kwanza viatu, kisha akaitaja. Nikanunua kiberiti.

Bwana wa Kampuni ameniita ofisini. Nahamishiwa Mbeya, naye atakuja huko. Wanataka kulima pareto na watu wa milimani kule, na mimi nitakuwa mkalimani. Kiingereza ninacho, na lugha ya milimani nimefundishwa na mke wangu Suzana, ambaye ni mtu wa huko. Bwana huyu sisi tunamwita Bwana Pamoja. Ndilo neno lake la Kiswahili. Akikupa kazi, pamoja. Akikufukuza, pamoja. Nimechoka na mdomo wake tangu mwaka jana.

Alhamisi, 15 Machi. Mbeya.

Tumefika. Lori lilinasa kwenye tope Chimala, tukalisukuma sisi abiria huku dereva akituimbia. Suzana, na mwanetu Ezekia ubavuni, anacheka njia nzima, anarudi kwa mama yake. Mimi sicheki. Mkwe ni heshima, na heshima ya huku na ya kwetu Uheheni haina tofauti: simtazami usoni, hanitazami, simsemeshi, hatuli mbele ya macho ya mwenzake. Nikipita anageukia ukutani. Salamu zinapitia kwa Suzana. Mkalimani wa watu wote, kwa mkwe wangu natafutiwa mkalimani.

Jumamosi, 24 Machi.

Tumepanda mlimani kuona bonde. Mvua. Bonde lote maji, majani yamelala. Bwana Pamoja akasimama juu ya jiwe na mwavuli wake akasema ardhi hii haina mtu.

Nikamweleza. Masika watu wanalima mlimani. Maji yakishuka, wanawake wanateremka na kulima humu bondeni, maharage, viazi, mboga, maana juu hakuna kitu tena. Kwetu Iringa bustani hizi tunaziita vinyungu. Bila hizo watoto wanalala njaa hadi mvua nyingine. Nikamwonyesha kwa kidole: pale penye matete ni bustani ya mama mkwe wangu, aliachiwa na mama yake.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema hasa ndiyo maana analitaka, kitalu cha miche kinahitaji maji wakati wa kiangazi. Kisha akanipiga begani. Pamoja! Koti langu lilikuwa limelowa, mkono wake ukalikamua maji kama sifongo.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka.

Kanisani na Suzana. Huku hawana mchezo. Mahubiri yakiisha, wasio washirika wanatoka nje, washirika wanabaki kwa ajili ya Meza. Mzee Yohani, mzee wa kanisa, anasimama mlangoni na anajua nani amegombana na nani. Asiyepatana na jirani yake haigusi Meza. Aliyekosa zaidi anatengwa, anakaa benchi la nyuma mpaka atubu arudi kundini. Leo alikuwepo mmoja pale nyuma, mwanamume mzima, alimnyima ndugu yake maji ya mfereji. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyemsalimu pia.

Mimi nilishiriki. Barua yangu ya ushirika imekubaliwa. Mkwe alikuwa upande wa wanawake, kitambaa cheupe kichwani. Kikombe kilekile kimoja, yeye kwanza, mimi baadaye sana. Nadhani ndipo pekee tunapokula pamoja, na hapo pia macho chini.

Jumatano, 11 Aprili.

Mkutano. Watu wengi, hata wanawake. Bwana Pamoja amehutubia kwa Kiingereza. Kwamba zama za bwana na mtumwa zimepita. Kwamba Ulaya na Afrika zitainuana. Wao wataleta miche, utaalamu na soko, watu wa hapa wataleta bonde na mikono. Halafu akalitaja lile neno la Kiingereza ambalo alikuwa amelibeba tangu asubuhi, la watu wa biashara moja, kwamba tangu leo wao na sisi tutakuwa nani kwa nani.

Nikakwama. Wabia? Ubia ni neno la pwani na la wenye maduka, hapa hakuna anayelijua. Wenzi? Hapana, watacheka. Ndipo likanijia moja safi, nikalitoa kwa sauti. Washirika.

Mkwe akainua kichwa chini ya kitambaa. Mzee Yohani akasimama, kofia mkononi.

"Washirika kabisa? Amesema yeye mwenyewe, na kinywa yake?"

Nikamwuliza Bwana. Akaitikia kwa nguvu zote, akanyoosha mikono. Pamoja! Pamoja sana!

"Basi," akasema Mzee Yohani, "kama ni washirika, hatuwezi kumnyima bonde."

Wakatia madole gumba kwenye karatasi ya Kampuni, mmoja mmoja. Mkwe naye. Nilijisifu moyoni, neno moja limefanya kazi ya saa nzima. Lakini tangu mchana kuna kitu kinaniwasha, na safari hii si kunguni.

Ijumaa, 4 Mei.

Maji yameshuka. Badala ya wanawake na majembe, wameteremka vibarua na senyenge. Bonde zima limezungushiwa. Wanachimba na mfereji mkubwa wa kukausha upande wa juu. Wanawake walikuja na mbegu zao wakauliza mlango uko wapi. Bwana akasema uzio ni kwa ajili ya mbuzi. Nikatafsiri hivyohivyo. Wakaangalia mbuzi, wakaangalia senyenge, wakarudi na mbegu zao.

Suzana ameniuliza kama mama yake atalima lini. Nikajibu atapewa fungu lake. Nani ameniambia? Hakuna. Mikono yangu imetoka vipele kwa kushika maua makavu. Chai, ugali, godoro, vyote vinanuka pareto.

Jumanne, 12 Juni.

Baridi kali. Asubuhi umande umeganda juu ya majani. Kuna habari. Tarehe ishirini na tatu wanakuja wageni kutoka Ulaya, wakubwa, kuja kuona mambo ya maendeleo. Bwana Pamoja amenituma nikawaambie watu waje wote, patakuwa na meza kwa ajili ya washirika wetu. Ndivyo alivyosema, meza. Nikapanda mlimani nikasema. Meza, kwa ajili ya washirika.

Mzee Yohani akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumanne, 19 Juni.

Nimeelewa leo. Mungu wangu.

Nimepanda na Suzana kumjulia hali mama yake. Milima yote iko mbioni, lakini si mbio za sherehe. Watu wanapatana. Wanaume wawili wasiosemeshana tangu sijui lini wameketi mlangoni wananawa mikono katika beseni moja. Yule wa benchi la nyuma amempelekea ndugu yake kuku. Mama mkwe amekwenda kwa jirani yake, waligombania mpaka wa bustani miaka na miaka, akamwachia mpaka. Mpaka wa bustani iliyo ndani ya senyenge! Wanawake wanafua vitambaa vyeupe.

Wanajitayarisha kwa Meza. Wanadhani Wazungu wameomba kuketi nao na kula nao, kama washirika wanavyokula. Nilipanda neno na sasa linaota mbele yangu.

Suzana kasema, "Baba Ezekia, nenda umwambie Mzee. Leo hii."

Nikaenda. Mzee Yohani alikuwa anashona kifungo cha koti la marehemu kaka yake, koti la kuvaa siku hiyo. Nikamsifu kifungo. Nikarudi.

Alhamisi, 21 Juni.

Kama siwezi kuwaambia wao, basi nimwambie yeye. Nimemweleza Bwana Pamoja kila kitu, Meza, kupatana, kutengwa. Nikamsihi aongeze mabenchi, watu waketi, japo mkate na chai, lakini mahali pamoja.

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ni jambo la kupendeza mno. Akaniomba nilirudie polepole asije akalisahau. Nikalirudia, mjinga mimi, nikidhani anataka kulifanyia kazi.

Jumamosi, 23 Juni.

Nitaandika yote.

Meza ilikuwa ndefu. Walitandika kitambaa cheupe kuanzia mwisho hadi mwisho, bilauri zimepangwa, mikate imekatwa, chupa nyekundu ya divai. Turubai juu. Na kuizunguka, kamba. Watu waliposhuka mlimani wakaiona kwa mbali, wanaume walivua kofia. Wamevaa nguo za kanisani. Hawakuwa wamekula tangu jana. Mzee Yohani mbele, koti na kifungo chake. Wanawake vitambaa vyeupe, safu kwa safu. Walitembea kama wanaokwenda altareni, wakafika kwenye kamba. Askari wa Kampuni akaweka fimbo kifuani kwa Mzee Yohani.

Wakasimama. Walidhani wataitwa.

Wageni wakaketi. Wakala. Wanaume wanene wawili, mmoja mwembamba, na mama mmoja aliyekuwa akifunika pua kwa leso pareto inaponuka. Mimi nilisimamishwa nyuma ya kiti cha Bwana Pamoja. Walizungumza habari ya bei za maua na ushirikiano wa mataifa, na jinsi watu hawa walivyo watulivu, tazama wanavyosimama. Ndipo Bwana Pamoja akagonga bilauri yake kwa kisu. Akawapa kisa. Kisa changu. Kwamba hawa maskini wanadhani wamekuja kupokea sakramenti kutoka kwa Kampuni. Akaigiza, akainua mkate juu kwa mikono miwili. Yule mama aliangusha leso kwa kicheko. Yule mwembamba akasema ni bei nafuu kwa bonde zima.

Mita chache nyuma ya kamba watu walitabasamu pia. Waliona wenyeji wao wamefurahi.

Kisha mpishi akanivuta nyuma ya turubai akanipa sahani. Mabaki ya kuku, mfupa wenye nyama, mkate umelowa mchuzi. Nilikula. Nimejiuliza tangu mchana kwa nini, na jibu ni kwamba nilikuwa na njaa. Nilikula nimesimama kama mbwa wa mgahawani. Nikalamba vidole. Nikageuka.

Nyuma ya turubai hapakuwa na kitu cha kunikinga. Kamba ilizunguka mpaka huko. Na upande ule walisimama wanawake, na wa kwanza alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa ananitazama. Usoni, machoni, na mfupa mkononi mwangu. Miaka yote hii hatukuwahi kutazamana. Hakugeukia pembeni. Mimi ndiye niliyegeuka.

Nikaitwa kutafsiri. Midomo ina mafuta. Bwana Pamoja alisimama, uso umewiva kwa divai, akasema lile lile, Ulaya na Afrika, faida kwa wote, asanteni sana ninyi ambao kwetu ni... na akalitaja lile neno lake kwa Kiingereza, akaningoja.

Nikasema, "Anasema asanteni, vibarua."

Mzee Yohani akasogea mpaka kamba ikamgusa tumbo. "Na ile neno la kwanza?"

"Lile lilikuwa langu, mzee. Halikuwa lake."

"Hii meza?"

"Ya kwao."

"Na bonde?"

"Wamelichukua."

Bwana Pamoja aliuliza kwa Kiingereza wanasema nini. Nikamwambia wanashukuru. Akapiga makofi.

Mzee Yohani alivaa kofia yake. Hakupaza sauti. Aliwageukia watu akasema kwa lugha yao maneno machache, na watu wote, wanaume kwa wanawake, wakageuka na kupanda mlima kwa safu ileile, nguo nyeupe juu ya njia nyekundu. Biskuti walizorushiwa watoto zilibaki chini. Mgeni mwembamba akapiga picha.

Neno alilosema nalijua. Alisema: hawa wametengwa.

Jumapili, 24 Juni.

Limetangazwa rasmi kanisani. Kampuni imetengwa mpaka itubu. Hakuna kuisalimu, hakuna kuifanyia kazi, hakuna kuipa ua moja. Si kwa hasira, Mzee Yohani alisisitiza. Mshirika asiyekula na wenzake anatengwa, ndiyo kawaida.

Na mimi pia. Alinitaja kwa jina. Nilikwenda mwenyewe benchi la nyuma. Lilikuwa tupu, yule mwenzangu alisharudi kundini kwa ajili ya sherehe.

Jumanne, 26 Juni.

Bwana Pamoja amepata mtu wa kumweleza nilichotafsiri. Nimefukuzwa kazi. Hakusema pamoja.

Jumatano, 18 Julai.

Napima chumvi na mafuta ya taa dukani kwa Mhindi mwingine, hapa Mbeya mjini. Kazi ya kijinga ila hainuki.

Habari kutoka bondeni analeta Suzana. Hakuna mtu anayemwagilia miche. Kampuni ilileta vibarua kutoka Rujewa, watu wa joto, wa mpunga na ng'ombe. Baridi ya asubuhi iliwatoa machozi. Na walipopita njiani watu wa milimani waliwapa viazi vya kuchoma, wakawaeleza kwa upole kwamba wenye shamba wametengwa. Wengi walirudi kwao na lori la kwanza. Hakuna anayetaka kufa mikononi mwa watu waliotengwa.

Bwana Shauri, afisa wa serikali wa wilaya, alipanda na askari kuuliza kuna malalamiko gani. Mzee Yohani akamjibu hawana malalamiko. "Siku watatubu, tutawapokea." Bwana Shauri akageuza gari. Sheria ya kumfunga mtu kwa kukataa kuajiriwa na Kampuni hakuikumbuka siku hiyo.

Suzana hanisemeshi zaidi ya habari hizi. Ezekia ameuliza kwa nini hatuendi kwa bibi.

Jumanne, 14 Agosti.

Watu wa Kampuni wameondoka bondeni. Si mbali. Wamehamia mlima wa pili, kwenye bonde lingine, na wamepata mkalimani mpya, kijana wa pwani. Nimekutana naye dukani akinunua sigara. Kanzu safi, Kiswahili cha marumaru. Nikamwuliza lile neno la Bwana analitafsiri vipi.

"Ubia," akasema. "Wanaitikia tu. Hawaulizi kitu."

Nilimrudishia chenji. Nilitaka kumtapikia juu ya kaunta. Neno langu liliwaumiza watu wa milimani kwa sababu lilikuwa na maana. La kwake halina maana, basi litalima bonde zima bila shida.

Mchana ikaja shehena kutoka Dar es Salaam. Makopo. Mtoto yuleyule wa Kizungu, amelala vilevile. Mhindi akaniambia niyapange rafu ya juu. Nikayapanga.

Jumapili, 9 Septemba.

Benchi la nyuma. Suzana anasema wanawake wamekata senyenge wanaanikia nguo. Mfereji wa Kampuni umekausha upande wote wa juu, hata wakiuziba maji hayarudi. Bustani ya mama yake imebaki nusu, ile ya penye matete. Jirani yake, yule wa ugomvi wa mpaka, amempa kipande cha kwake. Wanalima pamoja. Nimeliandika neno hilo na halikunichefua, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Jumapili, 28 Oktoba.

Mzee Yohani alinijia benchini kabla ya wimbo. Akaniuliza mbele ya watu kama ninajuta. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, ndiyo kazi yangu. Nikasema ndiyo. Akanipa mkono akanipeleka katikati. Mkwe hakuwepo, alikuwa na homa. Sikujua nifurahi au nisifurahi.

Jumapili, 4 Novemba.

Mawingu. Mvua iko karibu.

Baada ya ibada Suzana akaniambia mama ameniita. Nikasema labda umesikia vibaya, mkwe haiti mkwe. Akasema nimesikia vizuri, twende.

Nyumba ina vyumba viwili na mlango wa mbao katikati. Suzana alinikalisha kwenye kigoda upande wa huku, mlango umerudishwa, umebaki wazi upana wa kiganja. Upande wa pili nikasikia kigoda kingine kinasogezwa, na kikohozi kidogo cha homa. Chungu kiliwekwa kizingitini, katikati kabisa. Maharage mabichi na viazi, vya bondeni.

Mkono ukaja kutoka upande wake, ukamega. Ukarudi. Suzana alikuwa amemshika Ezekia kwenye mlango wa nje, anatazama uani.

Nikamega na mimi. Nikala. Nikausikia upande wa pili nao unakula, polepole, kama mtu mwenye jino bovu. Hakuna aliyemwona mwenzake. Tulikula mpaka chungu kikabaki kizingitini kitupu.

Chumvi ilikuwa haijakolea. Kesho nitampelekea kidogo kutoka dukani, kwa mkono wa Suzana.